Siku 13, miezi 14, miaka 25: majarida ya sayansi yanaondoa makala kwa kipimo gani?



Leo nataka kuongea juu ya makala mbili tu. Zote mbili ziko ndani ya memwari yangu ya lisansi, sura ya kwanza, na zote mbili leo zimeondolewa na majarida yaliyozichapisha. Moja ilikuwa imeondolewa hata mbele sijaanza kuandika. Ya pili imeondolewa kisha mie kuwa na diplome mukononi. Kosa la kwanza ni langu. La pili si langu, na njo linanisukuma kuandika hii.

Mie ni mtu wa agronomia. Memwari yangu ilikuwa juu ya magugu katika shamba la mahindi, hapa pembeni ya Lubumbashi: kulima na jembe upande mmoja, na upande mwingine kupiga dawa ya glifosati, ile watu wengi wanaijua kwa jina Roundup. Nilipima mavuno, nilipima gharama, nilihesabu siku za kazi. Sasa, mwalimu aliyenisimamia akaniambia: "Weka pia kidogo juu ya afya ya mtu, na uweke pande mbili." Nikatafuta pande mbili. Kwa upande wa hatari nikaweka makala ya Gilles-Éric Séralini na wenzake, 2012. Kwa upande wa "hakuna shida" nikaweka makala ya Williams, Kroes na Munro, 2000. Nikaandika kwamba wanasayansi hawajakubaliana, lakini nikaegemea ile ya 2000, juu ilikuwa imetajwa na watu wengi sana. Nilijiona nimefanya kazi ya mizani.

Siku ya kutetea, juri ikaniuliza marudio ngapi kwa kila tritmani. Ikaniuliza juu ya nafasi kati ya mistari. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama zile makala mbili bado ziko hai.

Kwanza, kuondoa makala ni nini?

Kwa Kifaransa tunasema "rétractation". Jarida linatangaza kwamba makala fulani haiaminiki tena, watu wasiitumie kama ushahidi. Makala yenyewe haipotei. Inabaki pale ku saiti ya jarida, inaandikwa juu yake kwamba imeondolewa, na pembeni kunawekwa tangazo la kueleza sababu. Kuko kamati moja ya kimataifa ya maadili ya uchapishaji, inaitwa COPE, ambayo imetoa mwongozo tangu mwaka 2009. Mwongozo ule unasema mambo mawili makubwa. Moja: kuondoa makala ni kwa kusahihisha maandishi ya sayansi, si kwa kumuazibu mwandishi. Pili: makala inaondolewa kama kuko ushahidi wazi kwamba matokeo hayaaminiki, ikuwe kwa udanganyifu ao kwa kosa la kawaida, ao kama ni wizi wa maandishi, ao imechapishwa mara mbili, ao utafiti ulivunja maadili.

Ukisoma vile, unaona sheria ni nzuri. Shida iko ku namna inatumika. Tuangalie mifano mitatu.

Siku 13

Tarehe 22 mwezi wa 5, 2020, jarida The Lancet lilichapisha makala juu ya hydroxychloroquine kwa wagonjwa wa Covid. Data zilitoka kwa kampuni ndogo ya Marekani, Surgisphere, iliyodai kuwa na habari za wagonjwa zaidi ya 96.000 kutoka mahospitali ya dunia nzima. Makala ilisema dawa inaongeza vifo. Mara moja OMS ikasimamisha kwa muda sehemu ya majaribio yake ya dawa ile. Lakini watafiti wengine wakaanza kuuliza: hizi data zinatoka hospitali gani? Kampuni ikakataa kuzionyesha. Tarehe 4 mwezi wa 6, waandishi watatu kati ya wanne wakaomba wenyewe makala iondolewe. Siku 13, imekwisha.

Kwa hiyo msiniambie tena kwamba jarida kubwa haliwezi kwenda mbio. Linaweza. Ila mujue pia kwamba hapa waandishi wenyewe walikubali, na dunia yote ilikuwa inaangalia.

Miezi 14

Sasa Séralini. Mwezi wa 9, 2012, jarida Food and Chemical Toxicology, la kampuni Elsevier, linachapisha utafiti wake wa miaka 2 juu ya panya 200 waliokula mahindi ya OGM aina ya NK603 ao waliokunywa maji yenye Roundup. Kulikuwa na picha za panya wenye mavimbe makubwa. Zile picha zilizunguka dunia. Na wanahabari waliopewa makala mbele ya wengine walitiwa sahihi kwamba hawataionyesha kwa mwanasayansi mwingine mpaka itoke. Hapo tayari ni tabia mbaya: unaogopa nini?

Watu wa agronomia, tuongee kama watu wa shamba. Panya 200 inasikilika mingi. Lakini waligawanywa makundi 20, yaani panya 10 kwa kila kundi. Kwa kila jinsia kulikuwa kundi moja tu la kulinganisha, panya 10, mbele ya makundi 9 ya majaribio. Na aina ile ya panya, Sprague-Dawley, inajulikana kwamba wengi wanapata mavimbe peke yao wakizeeka. Kwa majaribio ya saratani, kanuni ya OCDE inaomba panya 50 kwa kila jinsia, kwa kila kundi. Mwanafunzi wa L2 akileta plani sawa hii mbele ya juri yetu, ataulizwa mpaka jasho itoke. Kwa hiyo ile makala ilikuwa zaifu toka siku ya kwanza, na wakaguzi wa jarida waliiacha ipite.

Malalamiko yakawa mengi. Mwezi wa 11, 2013, jarida likaiondoa. Lakini angalieni sababu. Mhariri mkuu, A. Wallace Hayes, aliandika kwamba hakuona udanganyifu wala nia ya kupotosha. Alisema tu kwamba matokeo "hayatoi hitimisho". Rudi sasa ku mwongozo wa COPE. Hii sababu iko wapi? Haiko. Makala ngapi za sayansi hazitoi hitimisho? Kama hiyo ingekuwa sheria, nusu ya maktaba yetu ingefungwa. Na kuko jambo lingine: mwanzo wa 2013, jarida lilikuwa limeweka mhariri mpya wa mambo ya bioteknolojia, mtu aliyewahi kutumika kwa Monsanto, kampuni yenye kutengeneza yale mahindi na ile dawa. Mie sisemi kwamba yeye njo aliondoa makala, jarida lilikana. Nasema tu kwamba ukitoa hukumu yenye sababu ya ajabu, na nyumbani mwako kuko mtu aliyekula kwa mmoja wa wenye kesi, watu watakushuku. Na haki yao.

Mwezi wa 6, 2014, Séralini akaichapisha tena kwa jarida lingine, Environmental Sciences Europe. Leo wanaomuunga mukono wanasema "waliinyamazisha", na wanaompinga wanasema "iliondolewa, basi ni uongo". Sababu mbaya iliwapa wote chakula.

Miaka 25

Ya tatu njo inauma. Mwaka 2000, jarida Regulatory Toxicology and Pharmacology, ambalo leo nalo ni la Elsevier, linachapisha mapitio ya Gary Williams, Robert Kroes na Ian Munro. Wanasema Roundup haina hatari kwa afya ya mtu. Kwa miaka na miaka, makala hii ilikuwa nguzo. Ofisi za serikali za nchi mbalimbali ziliitaja. Wanafunzi waliitaja. Mie niliitaja.

Mwaka 2017, mahakamani huko Marekani, barua za ndani za Monsanto zikatoka hadharani. Katika zile barua, wafanyakazi wa kampuni wanaongea namna walivyosaidia kuandika makala, na wanasayansi wa nje wakaweka majina yao. Mwaka 2017! Gazeti zote ziliandika. Jarida likafanya nini? Kimya. Miaka 8 mingine. Mpaka mwaka 2025, watafiti wawili, Alexander Kaurov na Naomi Oreskes, wakachapisha uchunguzi wa kuonyesha namna ile makala imeendelea kutajwa, na wakaomba iondolewe. Mwisho wa 2025 jarida likaiondoa.

Sababu za tangazo ni wazi, na hapo nasifu: sehemu ya saratani ilisimama juu ya tafiti za Monsanto ambazo hazikuchapishwa, tafiti zingine zilizokuwapo hazikuhesabiwa, na mukono wa wafanyakazi wa kampuni haukuonyeshwa sawa inavyostahili. Bayer, iliyonunua Monsanto mwaka 2018, inasema mchango wa kampuni ulitajwa katika makala. Ni kweli kuko mistari ya shukrani. Lakini kushukuru mtu kwa "msaada" si sawa na kusema aliandika.

Sasa weka zile hesabu pamoja. Makala iliyogusa kampuni: miezi 14, kwa sababu isiyo ndani ya mwongozo. Makala iliyobeba kampuni: miaka 25, kwa sababu ambazo ziko ndani ya mwongozo kabisa, na zilijulikana hadharani tangu miaka 8. Mchapishaji ni mmoja. Najua, wahariri si walewale, na majarida ni mawili. Lakini mie ni msomaji, naona matokeo tu: mlango mmoja unafunguka upesi, mwingine unangoja mpaka mtu wa nje agonge kwa nguvu.

Mtaniambia: "Lakini majarida yanajitahidi sasa, mwaka 2023 makala zaidi ya 10.000 ziliondolewa." Ni kweli. Zaidi ya 8.000 kati yake zilitoka kwa Hindawi, ambayo Wiley iliinunua mwaka 2021. Huko ukaguzi ulikuwa umechezewa, viwanda vya kuuza makala bandia viliingia kupitia namba maalum za majarida. Sasa, walisafisha kwa sababu gani upesi vile? Majarida yao kadhaa yalitolewa ku orodha ya Web of Science, na biashara ikaanza kuanguka. Mfuko ukiuma, mukono unaenda mbio. Kwa ile makala ya 2000 hakuna mfuko wa jarida uliokuwa unauma.

Kuondoa hakufuti kilichokwisha kutendeka

Tuangalie jirani. Mwezi wa 11, 2012, serikali ya Kenya ilikataza kuingiza vyakula vya OGM, na makala ya Séralini ilikuwa moja ya sababu zilizotajwa. Mwaka mmoja kisha, makala ikaondolewa. Katazo likabaki mpaka mwezi wa 10, 2022. Karibu miaka 10. Labda kulikuwa sababu zingine nzuri za kukataza. Kila nchi iko na haki ya kuchagua inakula nini. Lakini hakuna jarida lililotuma mtu Nairobi kusema: "Ile karatasi mliyoitegemea tumeiondoa." Hiyo haiko katika kazi yao, wanasema. Basi ni kazi ya nani?

Na kwetu? Sisi watu wa Katanga tunakula bukari, na unga mwingi unapita Kasumbalesa ukitoka Zambia na Afrika ya Kusini. Afrika ya Kusini inalima mahindi ya OGM, Zambia iliyakataa mwaka 2002. Kila mara unga ukipanda bei, maneno ya OGM yanarudi ku WhatsApp, na zile picha za panya zinarudi pia. Hakuna picha hata moja inayokuja na maneno "imeondolewa".

Jibu la kweli juu ya wale panya halikutoka ku tangazo la kuondoa. Lilitoka kwa kurudia kazi. Umoja wa Ulaya ulilipa utafiti mpya wa miaka 2 juu ya NK603, unaitwa G-TwYST, na Ufaransa ikalipa mwingine, GMO90+. Matokeo yalitoka karibu na 2019: hawakuona ile hatari Séralini aliyoitangaza. Vile njo sayansi inajibu. Marudio. Tunafundishwa hivyo tangu G1.

Na sisi?

Sitaki kumaliza kwa kupiga majarida peke yake, juu na mie niko ndani ya kesi. Makala ya Séralini niliipata wapi? Ku flashi ya mukubwa wa promosheni ya juu. Yeye aliipata kwa mwingine. Ilikuwa PDF iliyopakuliwa mwaka 2012, mbele haijaondolewa, safi kabisa, bila alama yoyote. Hakuna jarida linaloweza kuingia ndani ya flashi yako kuandika "imeondolewa". Na kwenda ku saiti ni mega, na mega ni pesa. Mnajua wenyewe: unachagua ao ununue mega, ao ulipe taxi ya kurudi nyumbani. Kwa hiyo sisi tulio mbali tunabaki na makala zilizokufa, na hatujui kama zilikufa. Anayelipa abonoma huko Ulaya anaona alama nyekundu, sisi tunaona PDF ya zamani.

Lakini kuangalia kama makala iko hai hakuombi mega nyingi. Kila makala iko na namba ya DOI. Andika ile namba, ukurasa wa kwanza unakuambia. Kuko pia Retraction Watch, iliyoanzishwa mwaka 2010 na wanahabari wawili, Ivan Oransky na Adam Marcus. Tangu 2023 orodha yao ya makala zilizoondolewa iko bure kupitia Crossref. Na kama unapanga marejeo yako na Zotero, ambayo ni ya bure, programu yenyewe inakuonyesha makala iliyoondolewa. Mie sikujua haya yote siku ile. Hakuna somo lililonifundisha.

Kwa hiyo maombi yangu ni haya. Kwa majarida: mkipata ushahidi wa hadharani kwamba makala ina shida, wekeni onyo juu yake mara moja, hata kama uchunguzi utachukua miaka. Hiyo alama ya onyo iko tayari katika kanuni zenu. Kama ingewekwa mwaka 2017 juu ya makala ya Williams, mie ningeiona. Semeni nani aliomba iondolewe, lini, na mlichukua muda gani kujibu. Na sababu iwe moja kwa wote. Kwa walimu wetu na majuri: mkimaliza kuuliza marudio ngapi, chagueni marejeo 5 tu kwa bahati, muulize kama yako hai. Na kwetu sisi wa chama: kila fakultati itafute mtu mmoja mwenye kuonekana ku laini, atumie wengine majibu. Mie naanza na agronomia. Nitumieni orodha zenu.

Namaliza na kilichonifanya niandike. Niko na mama mudogo anayelima mahindi. Nilipomaliza masomo, aliniuliza juu ya ile dawa, juu anapiga na pompi ya mugongo, mikono wazi, miguu wazi. Nilimjibu kama mtu mwenye diplome: "Haina shida kwa mtu, mama, nilisoma." Ile "nilisoma" ilikuwa makala ya 2000. Juzi nilienda kumuambia kwamba ile makala imeondolewa. Akaniangalia.

"Sasa ile dawa iko mubaya ao iko muzuri?"

Nikamueleza pole pole. Kuondoa makala haina maana kwamba dawa inaua. Ina maana tu kwamba ule ushahidi haufai tena. Mwaka 2015 shirika la OMS la utafiti wa saratani lilisema huenda inaleta saratani. Mwaka uleule, ofisi ya Ulaya ya usalama wa chakula ilisema haielekei. Ulaya imeiruhusu tena mwaka 2023 kwa miaka 10. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Basi ungeniambia vile toka mwanzo. Mie ningevaa kitu ku mikono."

Njo vile. Nilimununulia glavu na bote, na nikamuomba asiweke tena maji ya kunywa katika zile bidoni za dawa. Kwa hiyo ushauri sikuhitaji makala yoyote.

Memwari yangu iko bado ku biblioteki, na marejeo yale mawili. Nimeandika ukurasa mmoja wa kusahihisha na nimeomba ubandikwe ndani. Wakiukubali, nitawaambia hapa. Wakiukataa, nitawaambia pia.